Asidi amino katika lishe ya ndama: Mfugaji aanze na maziwa kabla ya unga

MFUGAJI mdogo wa ng'ombe wa maziwa huianza siku kwa hesabu ngumu. Kila lita anayomnywesha ndama ni lita ambayo haitafika kwa mnunuzi, na pesa za maziwa ndizo zinazolipa karo, kununua unga na kugharamia dawa.

Ndiyo maana kutoka Kiambu na Nyandarua hadi Meru, Kericho na Uasin Gishu, ndama wengi hupewa maziwa ya kuwaweka hai tu. Njaa inayobaki huzibwa kwa uji, pumba za mahindi na nyasi, vyakula ambavyo matumbo yao bado hayajawa tayari kuvipokea.

Hasara ya uamuzi huo haionekani siku hiyo. Huonekana baadaye, pale mtamba ambaye angestahili kuzaa kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miezi 24 hadi 27 anapofikisha miaka mitatu bila ya kupata mimba. Muda wote huo amekuwa akila bila kuleta hata kikombe kimoja cha maziwa.

Kwa upande mwingine, kwenye rafu za maduka ya agroveti hupatikana maziwa mbadala ya unga na vyakula maalumu vya ndama ambavyo vifungashio vyake hutaja maneno kama vile laisini na methionini. Hizo ni asidi amino. Si wafugaji wengi wanaoelezwa kazi yake, wala ni wakati gani zinapofaa na wakati gani ni kupoteza fedha.

Protini ni nini hasa?

Aghalabu protini huzungumziwa kana kwamba ni kitu kimoja. Ukweli ni kwamba protini ni mnyororo mrefu wa chembe ndogo ziitwazo asidi amino. Ziko aina 20 ambazo mwili hutumia kujenga misuli, damu, ngozi, kwato, vimeng'enya vya kusaga chakula na kinga dhidi ya maradhi.

Takriban nusu ya hizo ndama anaweza kuziunda mwenyewe. Nusu iliyosalia hawezi kuziunda, au huziunda kwa kiasi kisichotosha, hivyo sharti azipate katika chakula. Ndizo zinazoitwa asidi amino za lazima.

Mfano mwafaka ni ule wa mtunga shanga. Iwapo kila mkufu unahitaji shanga tatu nyekundu, kumi nyeupe na saba za samawati, siku shanga nyekundu zitakapokwisha kazi itasimama, hata kama zile nyeupe na za samawati zimejaa kikapuni.

Kadhalika mwilini. Asidi amino inayokwisha kwanza ndiyo inayoweka kikomo cha ukuaji. Katika ng'ombe, mara nyingi asidi hiyo huwa ni laisini au methionini, ikitegemea ni chakula gani anachokula.

Shanga zinazobaki haziwekwi akiba. Mwili wa ndama huzivunjavunja, na naitrojeni iliyomo hutolewa kupitia kwenye mkojo. Hii ina maana kwamba protini iliyonunuliwa kwa fedha huishia sakafuni mwa zizi.

Ni jambo la kuvutia kwamba laisini yenyewe iligunduliwa kutoka kwa maziwa. Mnamo 1889, mwanakemia Mjerumani Edmund Drechsel aliitenga kutoka kwa kaseini, protini kuu ya maziwa. Methionini iligunduliwa mwaka 1922 na Mmarekani John Howard Mueller.

Tumbo la ndama si la ng'ombe

Ng'ombe aliyekomaa ana tumbo lenye vyumba vinne. Chumba cha kwanza, rumeni, ni kama pipa kubwa la kuchachushia chakula. Humo mna bakteria na viumbe wengine wadogo mno wanaovunja nyasi na kujenga protini yao wenyewe. Viumbe hao hatimaye husukumwa mbele, humeng'enywa na kuwa chakula cha ng'ombe.

Kwa sababu hiyo ng'ombe mkubwa anaweza kula chakula duni na bado akapata asidi amino nzuri. Viumbe wa rumeni humfanyia kazi ya kurekebisha kasoro.

Ndama mchanga hana msaada huo. Anapozaliwa, rumeni yake ni ndogo na haijaanza kazi. Anaponyonya, mkunjo ulio mwisho wa umio hujifunga na kufanya mfereji unaopitisha maziwa moja kwa moja hadi kwenye chumba cha nne, ambacho humeng'enya chakula kama tumbo la binadamu au la nguruwe.

Kwa hivyo, katika wiki zake za kwanza ndama hutegemea kikamilifu asidi amino zilizomo katika kile anachokunywa. Kikiwa na kasoro, hakuna kiumbe tumboni mwake cha kuirekebisha.

Hali hiyo hiyo ndiyo inayofanya nyongeza ya asidi amino iwezekane kwa ndama. Laisini iliyochanganywa katika maziwa hupita katika ule mfereji na kufika salama mahali pa kufyonzwa. Laisini hiyo hiyo ikitiwa katika chakula cha ng'ombe mkubwa, sehemu kubwa huliwa na bakteria wa rumeni kabla haijamfaidi.

Dang'a hutangulia yote

Kabla ya kuzungumzia nyongeza yoyote, wataalamu wa mifugo husisitiza dang'a, yaani maziwa mazito ya kwanza baada ya ng'ombe kuzaa. Dang'a ya mkamuo wa kwanza huwa na protini ya takriban asilimia 14, ilhali maziwa ya kawaida yana takriban asilimia 3.2.

Sehemu kubwa ya protini hiyo ni kinga. Ndama hapati kinga ya mama yake akiwa tumboni. Huipata kwa kunywa dang'a. Utumbo wake huweza kufyonza kinga hiyo ikiwa nzima kwa muda wa saa 24 hivi tu, na uwezo huo hupungua kila saa inapopita.

Inapendekezwa ndama anywe dang'a katika saa mbili za kwanza, na isipite saa sita. Ndama wa Friesian mwenye uzani wa kilo 40 huhitaji lita tatu hadi nne. Hakuna unga wa asidi amino unaoweza kuliziba pengo la dang'a iliyokosekana.

Hesabu ya maziwa

Maziwa ya ng'ombe ndiyo kipimo ambacho vyakula vingine vyote vya ndama hulinganishwa nacho. Lita moja ina takriban gramu 32 za protini. Takriban asilimia 80 ya protini hiyo ni kaseini, ambayo huganda tumboni na kumeng'enywa polepole, na iliyosalia ni protini za majimaji yanayobaki baada ya maziwa kuganda.

Katika kila gramu 100 za protini ya maziwa, laisini huwa takriban gramu nane na methionini gramu mbili na nusu hivi.

Utaratibu wa miaka mingi umekuwa kumpa ndama maziwa yenye uzani wa asilimia 10 ya mwili wake. Kwa ndama wa kilo 40, hizo ni lita nne kwa siku. Lita nne zina gramu 128 za protini, ambazo humpa takriban gramu 10 za laisini na gramu tatu za methionini.

Je, zinatosha? Mnamo 2008, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanyiwa ndama wa umri wa chini ya wiki tano waliokuwa wakinyweshwa maziwa mbadala yenye protini ya asilimia 26. Waliongeza laisini, methionini na asidi nyingine iitwayo threonini kwa viwango mbalimbali, kisha wakapima ukuaji.

Ukuaji ulifikia kilele ndama walipopata yapata gramu 17 za laisini na gramu tano na ushee za methionini kwa siku. Kuongeza threonini hakukuleta tofauti.

Gramu 17 za laisini ni karibu sawa na zile zilizomo katika lita sita na nusu za maziwa ya kawaida. Kwa maneno mengine, ndama wa lita nne hufungwa na uchache wa maziwa kabla ya jambo jingine lolote. Anakosa laisini, anakosa methionini, na pia anakosa mafuta na sukari ya kumpa nguvu za kuzitumia asidi amino hizo.

Hapa ndipo wafugaji wengi hupotoka. Kuongeza kijiko cha laisini katika lita mbili za maziwa hakumgeuzi ndama mwenye njaa kuwa ndama aliyeshiba. Asidi amino ni za kujengea, na mjenzi asiyekula hajengi. Ndama akikosa nguvu, mwili wake huzichoma asidi amino zile zile kama kuni ili apate joto la kuishi.

Kwa ndama anayekunywa lita sita hadi nane za maziwa halisi kwa siku, kwa upande mwingine, uwiano wa asidi amino tayari ni mzuri na haja ya nyongeza ni ndogo mno.

Kwa nini uji wa mahindi haufai?

Upungufu wa mahindi umejulikana kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1914, Thomas Osborne na Lafayette Mendel wa Marekani waliwalisha panya protini ya mahindi iitwayo zeini. Panya hao hawakukua. Walipoongezewa laisini na asidi nyingine, triptofani, walianza kukua.

Kilo moja ya mahindi ina protini ya takriban gramu 90, lakini laisini iliyomo haizidi gramu tatu. Ndama angelazimika kula kilo sita au zaidi za unga wa mahindi kwa siku ili afikie zile gramu 17. Katika umri wa wiki tatu, ndama hula konzi chache tu.

Isitoshe, ndama mchanga hana vimeng'enya vya kutosha vya kumeng'enya wanga. Uji mwingi hupita utumboni bila kumeng'enywa, ukawalisha bakteria waharibifu na kuleta maradhi ya kuharisha.

Ndama wa namna hii hutambulika kwa urahisi. Tumbo limevimba, mgongo umechongoka, manyoya ni marefu na hayang'ai. Jirani anaweza kudhani ameshiba, kumbe tumbo limejaa na mwili una njaa.

Maziwa mbadala na mahali pa asidi amino

Nyongeza ya asidi amino hupata maana kamili pale maziwa yanapobadilishwa na kitu kingine. Maziwa mbadala huwa ni unga unaochanganywa na maji ya uvuguvugu, kwa kawaida gramu 125 kwa lita moja. Protini yake huwa kati ya asilimia 20 na 28.

Unga ulio bora hutengenezwa kwa protini za maziwa. Ulio wa bei nafuu hutiwa protini za mimea, hasa soya na ngano. Protini za mimea zina methionini na laisini kidogo kuliko zile za maziwa, na ndama wa chini ya wiki tatu huwa hawezi kuzimeng'enya vyema.

Kwa hivyo watengenezaji huongeza laisini na methionini ili kuziba pengo. Laisini hupatikana kwa kuwafuga bakteria viwandani wakilishwa sukari, ufundi uliotokana na ugunduzi uliofanywa nchini Japani katika miaka ya 1950. Methionini kwa kawaida hutengenezwa kwa njia ya kemia.

Nyongeza hiyo ina faida mbili. Kwanza, ndama hukua vyema kwa protini kidogo. Wale wa utafiti wa 2008 walipata gramu 17 za laisini kutoka kwa takriban gramu 177 za protini kwa siku, ilhali maziwa yangehitaji protini zaidi ya gramu 200. Pili, naitrojeni inayopotea katika mkojo hupungua.

Hata hivyo, nyongeza hiyo haiwezi kuficha kasoro zote. Soya isiyopikwa ina kemikali zinazozuia kimeng'enya cha kusaga protini. Soya ya namna hiyo ikitiwa katika maziwa ya ndama, hata laisini iliyoongezwa haitamwokoa asiharishe.

Nambari ya guniani

Wanunuzi wengi huangalia kitu kimoja tu: asilimia ya protini iliyoandikwa kwenye gunia. Nambari hiyo ina hila yake.

Maabara nyingi hazipimi protini yenyewe. Hupima naitrojeni kwa njia iliyobuniwa mwaka 1883 na Johan Kjeldahl katika maabara ya Carlsberg nchini Denmark, kisha jibu huzidishwa kwa 6.25. Kitu chochote chenye naitrojeni huhesabiwa kuwa ni protini, kiwe kina asidi amino au hakina.

Ulimwengu uliona hatari ya jambo hilo mwaka 2008 nchini Uchina. Maziwa yaliyotiwa maji yaliongezwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki yenye naitrojeni nyingi, ili vipimo vionyeshe protini ya kutosha. Watoto wapatao 300,000 waliathirika na sita wakathibitishwa kufa.

Katika vyakula vya mifugo, kitu kinachoweza kuipandisha nambari hiyo ni yurea. Kilo moja ya yurea huhesabiwa kama karibu kilo 2.9 za protini, ilhali haina asidi amino hata moja.

Ng'ombe mkubwa anaweza kupewa yurea kwa kiasi kidogo, kwa kuwa bakteria wa rumeni huigeuza kuwa protini. Kwa ndama ambaye rumeni yake haijakomaa, yurea haina faida na inaweza kumuua kwa sumu. Chakula cha ng'ombe wakubwa kisipewe ndama kwa sababu tu protini yake inaonekana kuwa juu.

Mnunuzi mwangalifu husoma orodha ya viungo. Je, protini imetoka kwa maziwa, soya au kitu kisichotajwa? Je, laisini na methionini zimetajwa pamoja na kiasi chake? Je, jina la mtengenezaji, tarehe na alama ya ubora ya shirika la KEBS zipo?

Joto hujenga na hubomoa

Laisini ina adui mmoja mkubwa, nalo ni joto lililopita kiasi. Chakula kinapokauka kwa moto mkali, laisini hushikamana na sukari na kugeuka kuwa kitu ambacho mwili hauwezi kukitumia. Ni badiliko lile lile linaloupa mkate unaookwa rangi ya kahawia na harufu tamu.

Kwa sababu hiyo, unga wa maziwa ulioungua kiwandani unaweza kuwa na protini nyingi kwenye karatasi na laisini kidogo tumboni. Rangi ya kahawia na harufu ya sukari iliyoungua ni dalili za kutiliwa shaka.

Mfugaji anayekaanga soya nyumbani hukabiliwa na mtihani huo huo. Asipoikaanga ya kutosha, ile kemikali ya kuzuia usagaji hubaki. Akiikaanga hadi ikawa nyeusi, huiunguza laisini aliyoitafuta.

Kuchanganya vyakula kwa busara

Ndama huanza kuonja chakula kikavu akiwa na wiki moja. Chakula hicho, ambacho hutakiwa kuwa na protini ya asilimia 18 hadi 20, ndicho kinachoiamsha rumeni. Maji safi yawepo kila wakati, kwani bila maji bakteria wa rumeni hawawezi kustawi.

Wanaojichanganyia chakula hawana budi kujua kwamba hakuna kiungo kimoja kinachotosheleza. Mashudu ya soya yana protini ya asilimia 44 hadi 48 na laisini nyingi, lakini methionini yake ni haba. Mashudu ya alizeti ni kinyume chake: yana methionini ya kuridhisha na upungufu wa laisini.

Vikiunganishwa, kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Mchanganyiko wa mahindi, mashudu ya soya na ya alizeti, pamoja na madini, humpa ndama uwiano bora zaidi kuliko kiungo kimoja kilichozidishwa. Hiyo ni njia ya kuongeza asidi amino bila kununua asidi amino.

Omena iliyosagwa ina laisini na methionini kwa wingi. Tatizo lake ni mchanga unaochanganywa nayo, kuoza kwa mafuta yake, na bei, kwa kuwa ni chakula cha binadamu na cha kuku pia.

Unga wa nyama na mifupa ya wanyama wanaocheua, hata hivyo, usiguswe. Uingereza iliupiga marufuku katika lishe ya wanyama hao mwaka 1988, baada ya kubainika kuwa ulihusiana na ugonjwa wa wazimu wa ng'ombe.

Mahindi au mashudu yaliyoota ukungu nayo yatupwe. Sumu ya ukungu huharibu ini, na ini ndilo linaloshughulikia asidi amino zote zinazofyonzwa.

Ndama anapoharisha

Kuharisha ni miongoni mwa maradhi yanayowaua ndama wengi katika mwezi wao wa kwanza. Kinachoua zaidi ni upungufu wa maji na chumvi mwilini.

Hapa pana asidi amino nyingine yenye kazi muhimu, nayo ni glisini. Hutiwa katika dawa nyingi za chumvi za kumnywesha ndama kwa sababu husaidia utumbo kufyonza sodiamu, nayo sodiamu huvuta maji.

Kosa linalofanywa na wengi ni kumkatiza ndama maziwa siku kadhaa akiharisha. Maji ya chumvi hayana protini wala nguvu za kutosha. Ndama aendelee kupewa maziwa, na maji ya chumvi yawe katikati ya milo.

Wakati wa kumlikiza

Ndama asilikizwe kwa kuangalia kalenda peke yake. Ishara iliyo bora ni kiasi cha chakula kikavu anachokula. Ndama wa Friesian anayekula kilo moja kwa siku kwa siku tatu mfululizo huwa na rumeni inayofanya kazi. Wengi hufikia hapo kati ya wiki ya nane na ya 12.

Baada ya hapo hesabu hubadilika. Bakteria wa rumeni huanza kumpa ndama asidi amino zao, na unga wa kawaida wa laisini au methionini ukitiwa katika chakula huishia kuliwa na bakteria hao. Kuna asidi amino zilizofunikwa kwa utando maalumu ili zipite salama rumenini, lakini hizo hulengwa hasa kwa ng'ombe wanaotoa maziwa mengi sana.

Kwa ndama aliyelikizwa, chakula chenye mchanganyiko mzuri pamoja na majani laini ya jamii ya kunde, kwa mfano desmodiamu na kaliandra kwa kiasi, huwa na faida zaidi.

Nani anunue, nani asinunue?

Kutokana na hayo yote, mambo matatu yanabainika. Mfugaji anayempa ndama maziwa halisi ya kutosha hahitaji kununua asidi amino. Anayempa maziwa machache aongeze maziwa kwanza. Na anayetumia maziwa mbadala hana budi kuchagua yale ambayo laisini na methionini zimepimwa na kuchanganywa na mtengenezaji.

Kununua unga wa asidi amino uliokusudiwa kuku na kuukoroga katika ndoo ya maziwa kwa kukisia ni hatari. Miongoni mwa asidi amino zote, methionini ndiyo yenye madhara makubwa ikizidi. Humpunguzia mnyama hamu ya kula na kudumaza ukuaji ule ule uliotafutwa. Mahitaji ya ndama kwa siku ni gramu tano hivi, na gramu hazipimwi kwa kiganja. Anayeona haja ya nyongeza amwone kwanza afisa wa mifugo wa kaunti.

Kuhusu gharama ya maziwa, utafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani uliochapishwa mwaka 2012 unatoa mwanga. Watafiti walichunguza rekodi za mitamba wa shamba la chuo hicho na kuona kwamba kwa kila ongezeko la kilo moja katika wastani wa ukuaji wa kila siku kabla ya kulikizwa, mtamba alitoa kilo 850 zaidi za maziwa katika mzao wake wa kwanza.

Hakuna ndama anayeongezewa kilo nzima kwa siku, na malisho ya Kenya si ya Marekani. Hata hivyo uwiano ni bayana: ongezeko la robo kilo tu kwa siku lilikwenda sambamba na zaidi ya kilo 200 za maziwa.

Tuseme mfugaji anamwongezea ndama lita mbili na nusu kila siku kwa siku 60. Atakuwa ametumia lita 150, na ndizo zinazomfanya aone kwamba anapoteza. Kwa kiwango cha shamba lile, mzao wa kwanza peke yake ungezirudisha zote na ziada, kabla ya kuhesabu miezi ya kulisha inayookolewa mtamba akizaa mapema.

Wahenga walinena kuwa samaki mkunje angali mbichi. Kwa ndama, ubichi huo haudumu zaidi ya miezi mitatu. Laisini aliyoikosa akiwa na wiki nne hawezi kufidiwa yote kwa mashudu atakapokuwa na mwaka mmoja, kwa kuwa umri ule wa kukua kwa kasi huwa umekwisha kupita.